Wanatuuzia Kilatini Tulichokuja Nacho

Kuna imani imeota mizizi kwetu Waafrika Mashariki wa St Marys, Australia, na kwa majirani zetu wa Mount Druitt na Blacktown: kwamba mtoto akikariri asili za maneno ya Kigiriki na Kilatini, Kiingereza chote kitamfungukia. Basi mzazi anayekesha kazini kwenye nyumba ya wazee analipia masomo ya ziada ya Jumamosi, na mtoto anarudi na karatasi ya "bene", "chron" na "ped". Mimi nasema pesa hizo zinatupwa.

Tuitazame hiyo "ped". Karatasi inasema ni mguu. Sawa, "pedestrian" ni mwenda kwa miguu. Na "pediatrician" je, ni daktari wa miguu? Ni wa watoto. Hapo asili ni ya Kigiriki, na maana yake ni mtoto. "In" nayo hufundishwa kuwa ya kukanusha, kisha mtoto akute dumu limeandikwa "inflammable", aamini halishiki moto, kumbe linashika. Asili ya neno humfaa aliyekwisha kulijua. Asiyelijua humwacha akibahatisha.

Wenye Kiswahili tulipaswa kulijua hili mapema kuliko wengine. Kitabu, katibu, maktaba na mkataba vimetoka shina moja la Kiarabu, na inapendeza kujua. Lakini nani, Ujiji au Mvita, alijifunza kusema kwa njia hiyo? Tena anayefuata mashina kwa sikio tu atadhani kutubu ni kusoma vitabu.

Kinachonikera zaidi ni kumwona mama aliyesomeshwa kwa Kifaransa Bukavu au Bujumbura naye akiuziwa karatasi hizo. Huyo Kilatini anacho tayari, ndani ya Kifaransa chake! Tangu Wanormani waiteke Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kimemwaga maelfu ya maneno ndani ya Kiingereza. "Commence", "difficult" na "possible" anayasoma bila kamusi. Kinachomwangusha ni vijineno vifupi vyenye asili ya Kiingereza cha kale: "put off", "put out", "put up with". Akiambiwa shuleni kwamba mkutano "has been put off", hakuna Mgiriki wa kumwokoa.

Najua nitajibiwa: na wauguzi je? Haki yao. "Cardio" na "hepat" zinawasaidia wodini. Ila OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya, unamtaka muuguzi aigize pia mazungumzo na mgonjwa, na mgonjwa wa Australia hasemi Kigiriki. Anasema anajisikia "crook", yaani mgonjwa, basi.

Wapo wanaolipia wakiwa na shabaha ya shule teule za serikali, kama ile ya Penrith. Hao niwaulize, mmeutazama mtihani wenyewe? Tangu 2021 una sehemu nne: kusoma, hisabati, stadi za kufikiri na uandishi. Sehemu ya asili za maneno haimo. Kwenye kusoma mtoto hupewa vifungu vigeni aonyeshe ameelewa, na uwezo huo huja kwa kumaliza vitabu vizima, viwe vya vichekesho, vya mpira, hata vya mazimwi ambavyo baba anavidharau. Neno akilikuta mara ya tano katika hadithi inayomnyima usingizi, halihitaji tena kupasuliwa. Maktaba ya St Marys ipo Queen Street, na kadi yake haina ada.