WAITIKIAJI NAO NI WAFANYAKAZI

Mtu yeyote aliyepata kusikiliza redio katika miaka ya 1960 na 1970, ukimwuliza ni nani aliyeimba "Chain of Fools", atakujibu bila kusita kwamba ni Aretha Franklin. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya kweli. Wimbo ule, uliotolewa mwishoni mwa mwaka 1967, umejengwa juu ya sauti za wanawake wanaomwitikia Aretha tangu mwanzo hadi mwisho, na ukiziondoa sauti hizo kinachobaki ni mwito usiopokelewa. Sisi tuliolelewa penye ngoma hatuhitaji kufundishwa jambo hili: mwimbishaji asiye na wapokezi hana ngoma, ana koo lake tu.

Miongoni mwa walioitikia siku ile walikuwamo wanawake wa kundi lililoitwa Sweet Inspirations. Mmoja wao, Cissy Houston, alifariki dunia tarehe 7 Oktoba, 2024, akiwa na umri wa miaka 91, na katika taarifa nyingi za kifo chake alitajwa kwanza kuwa ni mama wa Whitney Houston, kisha ndipo ikaelezwa kazi yake mwenyewe. Hapana ubaya mtu kutajwa kwa mwanawe. Lakini huyu alikuwa mfanyakazi wa sauti kwa zaidi ya nusu karne, na historia ya kazi yake pamoja na wenzake yafaa isomwe na kila mtu anayejali haki ya mvuja jasho, awe anaupenda muziki wa Wamarekani weusi au haupendi.

Asili ya kundi hili ni kanisani. Familia ya Drinkard, ambayo wazazi wake walihama kutoka jimbo la Georgia kwenda Newark katika jimbo la New Jersey, iliunda kwaya ya ndugu wa tumbo moja walioimba nyimbo za Injili. Cissy alikuwa mtoto wa mwisho kati ya wanane. Kwaya hiyo ilifika hata kwenye tamasha la Newport mwaka 1957. Wajukuu wa ukoo huo, Dionne na Dee Dee Warwick, ndio waliokuwa wa kwanza kuingia katika studio za New York kuitikia santuri za waimbaji wengine. Na Dionne alipoanza kuimba kwa jina lake mwaka 1962, nafasi ikashikwa na Cissy, mama yake mdogo. Hatimaye kundi likatulia likiwa na wanawake wanne: Cissy Houston, Estelle Brown, Sylvia Shemwell na Myrna Smith.

Kazi yao ilikuwa ya namna gani? Kwa lugha yetu tungesema ilikuwa kibarua. Kampuni ya santuri iliwaita, wakafika, wakasikiliza wimbo mara moja au mbili, wakapanga wenyewe nani ashike sauti ya juu na nani ya kati, wakaimba, wakalipwa kwa kikao kwa kima kilichopatanwa na chama cha wafanyakazi, wakaondoka. Santuri ikiuzwa nakala mia au milioni, malipo yao yalikuwa yale yale. Katika hili la kupanga sauti ndipo ulipo moyo wa jambo, na ndipo wengi wanapopita bila kuangalia. Mpiga tarumbeta wa studio aghalabu huwekewa karatasi yenye noti alizoandikiwa na mtu mwingine, na mtu huyo hulipwa kwa kuandika. Wanawake hawa walizitunga sehemu zao palepale, kwa uzoefu walioupata kanisani tangu utotoni, na kutunga huko hakukuhesabiwa kuwa ni kutunga. Kulihesabiwa kuwa ni kuitikia.

Tazama basi mavuno ya mwaka mmoja. Mwaka 1967, mbali na kazi yao kwa Aretha, walimwitikia Van Morrison, kijana kutoka Ireland ya Kaskazini, katika "Brown Eyed Girl", wimbo ambao hadi leo haujanyamaza katika redio za Ulaya na Marekani. Mwaka huohuo waliingia studio New York na Jimi Hendrix, mpiga gitaa aliyekuwa akiushangaza ulimwengu, wakaimba nyuma yake katika "Burning of the Midnight Lamp". Mwaka uliofuata, katika "Ain't No Way" ya Aretha, Cissy alipaa na sauti ya juu isiyo na maneno, sauti inayozunguka juu ya ile ya mwimbaji mkuu kama ndege juu ya mnazi. Wimbo huo ulitungwa na Carolyn, mdogo wake Aretha. Mimi nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya wakubwa wangu wa kazi, na kila mara ni ile sauti isiyo na maneno inayonibakia.

Kampuni ya Atlantic iliona kwamba watu hawa ni hazina, ikawapa mkataba wa kuimba kwa jina lao wenyewe. Mwaka 1968 wimbo wao "Sweet Inspiration", uliotungwa na Dan Penn na Spooner Oldham na kurekodiwa Memphis, ulifika nafasi ya 18 katika orodha ya nyimbo zilizopendwa zaidi Marekani nzima. Wimbo mwingine wao haukupata kufika huko tena. Wako wanaosema kwamba huo ni ushahidi kuwa mahali pao pa haki palikuwa nyuma. Hoja hiyo ni dhaifu. Kundi lililokuwa likihitajiwa studio kila siku kuzikamilisha nyimbo za wengine halikuwa na nafasi wala muda wa kuandaa zake, na mwenye kampuni ana faida gani kumtoa fundi wake bora kwenye kiwanda ili akafungue duka lake mwenyewe?

Mwezi Julai mwaka 1969 Elvis Presley aliporudi jukwaani Las Vegas baada ya kukaa miaka mingi katika filamu, aliwaajiri Sweet Inspirations wafungue maonyesho yake na kumwitikia. Cissy hakukaa, alikuwa na watoto wadogo Newark, na kazi ya kuhamahama haikumpendeza. Waliobaki walifanya kazi hiyo hadi Elvis alipofariki tarehe 16 Agosti, 1977. Inasimuliwa kwamba mwaka 1970, walipotakiwa kwenda kuimba katika uwanja wa Astrodome mjini Houston, Texas, ujumbe ulipelekwa kwamba wale wasichana weusi waachwe nyumbani. Elvis akajibu kwamba wasipokuja wao, naye haji. Walikwenda wote. Namheshimu mtu kwa jibu hilo. Lakini tusisahau maana ya ujumbe wenyewe: sauti zao zilikubalika katika kila santuri iliyouzwa Texas, ila miili yao haikutakiwa kuonekana. Hiyo ndiyo sura halisi ya ubaguzi, kuyataka matunda na kuuchukia mti.

Lipo jingine lililotendwa Los Angeles ambalo kwa maoni yangu ni baya zaidi. Huko lilikuwapo kundi lingine la waitikiaji, Blossoms, na kiongozi wake katika studio alikuwa Darlene Wright, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Darlene Love. Mwaka 1962 mtayarishaji Phil Spector aliwaita waimbe "He's a Rebel". Waliimba, Darlene akiongoza. Santuri ilipotoka ikaandikwa kwamba waimbaji ni Crystals, kundi jingine kabisa, lililokuwa New York na ambalo halikutia sauti hata moja katika wimbo huo. Wimbo ukashika nafasi ya kwanza nchini humo. Waliokwenda kuuimba mbele ya watu ni wale ambao hawakuurekodi, na walioirekodi santuri wakaisikia redioni kama wasikilizaji wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Darlene alifanya kazi ya kusafisha nyumba za watu, na mwenyewe amesimulia kwamba siku moja akiwa katika kazi hiyo alijisikia redioni akiimba wimbo wake wa Krismasi. Alirudi katika muziki, akamshitaki Spector, na mwaka 1997 baraza la mahakama New York likaamua alipwe dola 263,500 za mrabaha. Ilikuwa imepita miaka 35 tangu ule wimbo wa kwanza.

Wapo watakaosema: walipatana, wakalipwa walichopatana, kesi imekwisha. Nakubali kwamba mkataba ni mkataba. Nakubali pia kwamba malipo ya kikao yaliwapa wanawake hawa riziki ya uhakika wakati waimbaji wengi wenye majina makubwa walikuwa wakidaiwa na kampuni zao. Wala sioni aibu yoyote katika kusimama nyuma. Si kila sauti iliumbwa kutangulia, na ni makosa kumhurumia mwitikiaji kana kwamba ni mwimbaji aliyeshindwa. Ninalolikataa ni kufanya hesabu huku mmoja wa wahusika yuko nje ya chumba. Mnunuzi wa santuri hununua wimbo mzima, lakini mapato yakagawanywa kana kwamba amenunua sauti moja.

Na si jambo la zamani tu. Redio za kawaida za Marekani hadi leo humlipa mtunzi wa wimbo lakini hazimlipi aliyeuimba, awe mbele au nyuma. Kwa utangazaji wa mtandao na setilaiti utaratibu ni mwingine: katika kila dola 100, dola 50 ni za mwenye rekodi, 45 ni za mwimbaji mkuu, 5 ni za wasaidizi. Hizo 5 nazo hukatwa nusu, yaani dola 2 na senti 50 kwa wapiga vyombo wote wasiotajwa na dola 2 na senti 50 kwa waitikiaji wote. Ni kidogo, lakini angalau sheria imewataja. Tatizo ni kwamba rekodi zilizofanywa kabla ya Februari 1972 hazikuwamo katika sheria hiyo ya taifa mpaka ilipotungwa nyingine mwezi Oktoba, 2018. Kazi kubwa ya Sweet Inspirations kwa Aretha, Van Morrison na Hendrix ni ya miaka ile. Sylvia Shemwell na Myrna Smith walifariki wote wawili mwaka 2010.

Kabla ya hapo kundi lilikuwa limevunjika na kuungana tena katika miaka ya 1990, na lilishiriki katika maonyesho ambamo Elvis huonyeshwa kwenye skrini akiimba naye ni marehemu, huku waliokuwa watumishi wake wakipiga na kuitikia wakiwa hai jukwaani. Cissy yeye alikuwa amerudi alikoanzia, akaongoza kwaya ya vijana katika kanisa la New Hope mjini Newark kwa miaka mingi. Katika kazi zake mwenyewe za Injili alipata tuzo ya Grammy mara mbili, mwaka 1997 na 1999.

Kwetu Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na neno hilo la mwisho, hakishiriki, liliwekwa kwa ajili ya watu wa namna hii, wasiotunga wimbo ila bila wao wimbo haupo. Lakini sheria haiwezi kumlinda mtu asiyeandikwa popote. Walimu wa kwaya na maafisa utamaduni wanalijua hili kuliko mimi: kwaya ya shule huitwa studio, huimba, kanda hutoka na jina la shule, na baada ya miaka 10 hakuna anayeweza kuwataja walioimba. Dawa yake haihitaji fungu la bajeti. Karatasi moja yatosha, yenye jina la wimbo, tarehe, mahali, na majina ya wote walioimba, kuanzia sauti ya kwanza hadi ya nne. Nakala moja apewe mwenye studio kabla fedha hazijapokelewa, ya pili iwekwe katika jalada ofisini kwa mwalimu mkuu, na ya tatu wapewe watoto wenyewe waende nayo nyumbani.