Kukatika kwa umeme Mbinga na Nyasa: Tuhesabu gharama kabla ya kununua jenereta

Msimu wa mvua unapoanza, waamini wengi, kuanzia Mbinga mjini na Kitura hadi Mbamba Bay na Liuli kandoni mwa Ziwa Nyasa, wanafahamu kwamba ngurumo za radi mara nyingi hufuatiwa na giza. Ni kipindi ambacho familia nyingi zimekwisha kupokea fedha za kahawa, na swali la kununua jenereta ndogo ya nyumbani huibuka tena mezani. Swali hili ni halali. Jibu lake, hata hivyo, linagusa jasho la mwaka mzima na, zaidi ya hayo, linagusa uhai wa watu. Ndiyo maana tunapenda kulitafakari kwa utulivu, tukianza na hali halisi ya umeme katika eneo letu.

Umeme unakatika kwa sababu gani?

Hadi mwaka 2018, Songea na Mbinga zilikuwa nje ya Gridi ya Taifa. Umeme wetu ulitoka kwa sehemu kubwa katika jenereta za dizeli za TANESCO, na pale dizeli ilipopungua au mtambo ulipoharibika, mji mzima ulibaki gizani. Mwaka huo ikakamilika njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, yenye urefu wa takriban kilomita 250, iliyojengwa kwa msaada wa Sweden. Na mwezi Aprili 2019 Rais John Magufuli akaizindua rasmi. Jenereta zile kubwa zikazimwa, kwa kuwa umeme wa dizeli ni ghali kupita kiasi. Taifa lilikwisha kufanya hesabu hiyo; sasa ni zamu ya kaya zetu kuifanya.

Kati ya mwisho wa mwaka 2023 na mwanzo wa mwaka 2024 nchi ilipitia mgawo, kwa sababu umeme uliozalishwa haukutosheleza mahitaji. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza kuzalisha, na hadi mwaka 2025 mitambo yote tisa, kila mmoja wenye megawati 235, ilikuwa imekamilika, jumla yake ikiwa megawati 2,115. Tangu hapo tatizo kubwa limehama. Usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, hitilafu katika Gridi ya Taifa iliiacha sehemu kubwa ya nchi gizani, ingawa maji bwawani yalikuwa tele. Kuzalisha umeme ni jambo moja. Kuufikisha salama hadi nyumbani ni jambo jingine.

Sisi tuko karibu na mwisho wa njia ndefu. Kutoka Songea umeme husafiri takriban kilomita 100 hadi Mbinga kwa nyaya za msongo mdogo zaidi, ukapita milima na misitu, kisha ukateremka kwenda Nyasa. Tawi la mti likianguka, radi ikipiga transfoma au nguzo ikioza, vijiji vingi huzimika kwa pamoja. Kwa hiyo kukatika kwa umeme kwetu, mara nyingi, ni kwa saa chache na hutokana na hitilafu ya njia. Jambo hili ndilo linalopaswa kuongoza uamuzi wetu: tunatafuta kitu cha kutuvusha saa chache, na wala si mtambo wa kuchukua nafasi ya TANESCO.

Je, jenereta inahitajika kweli?

Katika Injili, Bwana wetu anasimulia juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye yampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Nasi tuketi tuhesabu. Tuchukue familia yenye taa tano za wati 9, simu nne za kuchaji zenye wati 10 kila moja, televisheni na king'amuzi chake wati 100, na jokofu dogo la wati 150. Jumla ni wati 335. Jenereta ndogo ya petroli, ikibeba mzigo kama huo, hutumia takriban nusu lita kwa saa. Umeme ukikatika saa nne, zitahitajika lita mbili. Tukikadiria lita moja kwa shilingi 3,000, hizo ni shilingi 6,000 kwa jioni moja. Umeme wenyewe uliopatikana ni kama uniti 1.3 tu, ambazo kwa mteja wa daraja la matumizi madogo, anayelipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, zingemgharimu chini ya shilingi 200 za LUKU. Bei kikomo ya petroli kwa Mbinga hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kila familia inaweza kurudia hesabu hii kwa bei ya siku.

Tutazame tena orodha ile ile. Jokofu ndilo mzigo mzito, nalo likibaki limefungwa huhifadhi ubaridi kwa takriban saa nne bila umeme wowote. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huweza kugandisha chakula hata saa 48. Taa na simu peke yake ni wati 85, na mzigo huo unabebwa kwa zaidi ya saa nne na betri moja ya gari ya volti 12 na ampia-saa 100, yenye inveta ndogo, inayochajiwa na umeme wa kawaida unapokuwepo au na paneli ya sola. Betri hiyo haina moshi, haina kelele na haihitaji petroli. Kwa familia nyingi za jimbo letu, hilo ndilo jibu linalofaa, na fedha inayobaki inaweza kulipa ada ya mtoto.

Wapo, hata hivyo, wanaohitaji jenereta kwa haki kabisa: mama mwenye friza la samaki huko Mbamba Bay ambaye giza la siku mbili linamaliza mtaji wake, kinyozi na fundi cherehani wanaokula kutokana na kazi ya siku, zahanati ya kijiji, familia inayomuuguza mtu anayetegemea mashine ya oksijeni. Kwao tunapenda kutoa mwongozo ufuatao.

Namna ya kuchagua

Kwanza, tutofautishe wati za kudumu na wati za kilele. Ubavuni mwa mashine mara nyingi huandikwa namba kubwa, ambayo mashine huimudu kwa muda mfupi tu. Kinachotufaa ni namba ya kudumu. Zile jenereta ndogo kabisa za bei nafuu, ambazo petroli yake huchanganywa na oili, nyingi hutoa wati 600 hadi 700 tu mfululizo. Zikiandikwa KVA, hesabu ya tahadhari ni kwamba 1 KVA ni sawa na wati 800.

Pili, tukumbuke kwamba jokofu, friza na pampu huvuta umeme mwingi zaidi wakati wa kuanza, mara tatu hadi nne au hata zaidi ya kawaida yake. Jokofu letu la wati 150 linaweza kudai wati 600 kwa sekunde chache. Tukijumlisha na taa, simu na televisheni, tunafikia wati 785. Mashine ya wati 1,000 za kudumu inatosha, ilhali ile ya wati 650 itazimika au kuunguza mota ya jokofu. Pasi na birika la umeme, vinavyodai wati 1,000 hadi 2,000, vibaki pembeni hadi umeme urudi.

Tatu, ipo hesabu inayotuhusu sisi watu wa milimani. Injini ya petroli inahitaji hewa, na hewa ya juu ni nyepesi. Mashine hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko kutoka usawa wa bahari. Ufukwe wa Ziwa Nyasa uko karibu mita 475, hivyo mashine ya wati 1,000 itatoa kama wati 945. Mashine hiyo hiyo ikipandishwa hadi vijiji vya Umatengo vilivyo kwenye mita 1,500, itatoa kama wati 825. Bado inatosha kwa mfano wetu, lakini kwa shida. Anayeishi juu aongeze robo ya wati kuliko anayeishi ziwani.

Nne, injini yenye tangi la oili lililojitenga na petroli ina moshi mchache, hutumia mafuta kidogo na hudumu zaidi. Jenereta za inveta ni ghali, lakini zina kelele ndogo na umeme wake ni mtulivu, unaofaa kompyuta na vifaa vya hospitali. Muuzaji aulizwe kama nyaya za ndani ni za shaba, kwa kuwa za alumini huungua mapema, na kama vipuri vinapatikana Mbinga au Songea. Mashine iwashwe dukani na kupewa mzigo halisi kabla ya kulipa, na risiti yenye dhamana iandikwe.

Mahali pa kuiweka ni suala la uhai

Moshi wa jenereta una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ni gesi ile ile inayoua watu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi ya Juni na Julai, janga ambalo watu wa Umatengo hawahitaji kusimuliwa. Jenereta hutoa gesi hiyo kwa wingi kuliko jiko. Tunafahamu kwa nini watu huiweka barazani, stoo au jikoni: wanaogopa wezi na mvua. Lakini mlango ulio wazi na dirisha lililofunguliwa havitoshi. Jenereta ikae nje, angalau mita sita kutoka nyumbani, bomba la moshi likielekea mbali na madirisha yetu na ya jirani. Mnyororo imara uliofungwa kwenye nguzo ya zege utamzuia mwizi, na kibanda cha bati kisicho na kuta kitazuia mvua. Mtu akilalamika kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu wakati mashine inanguruma, atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali, hata kama ni usiku wa manane.

Petroli isiongezwe mashine ikiwa ya moto, wala isihifadhiwe chumbani. Hatari nyingine haimhusu mwenye nyumba bali mtu asiyemfahamu. Wapo wanaochukua waya wenye plagi pande zote mbili na kuingiza umeme wa jenereta katika soketi ya ukutani. Umeme huo hutoka nyumbani, huingia kwenye transfoma ya mtaa kwa kinyume, na hapo volti 230 hugeuka kuwa maelfu. Fundi wa TANESCO aliyepanda nguzo kurekebisha njia, akiamini haina umeme, hufa akiwahudumia wengine. Amri ya tano ya Mungu inatuhusu hapa bila kificho. Vifaa vichomekwe moja kwa moja kwenye jenereta, au fundi mwenye leseni ya EWURA afunge swichi ya kubadilishia umeme, ambayo mafundi huiita chenjiova.

Mwanga wa mmoja na giza la jirani

Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatualika kutazama mbali zaidi ya ua wa nyumba zetu. Kelele za jenereta usiku zinamgusa mgonjwa wa jirani na mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Makubaliano ya saa ya kuzima ni sehemu ya upendo wa jirani. Kwa kanuni ya auni na mshikamano, Jumuiya Ndogondogo ya Kikristo inaweza kuwa na mashine moja ya kuchaji simu na taa za wanajumuiya, badala ya kaya kumi kununua mashine kumi dhaifu.

Lipo pia jambo la haki. Mwenye uwezo akishanunua jenereta, hushawishika kunyamaza, na sauti yake ndiyo ambayo mara nyingi husikika ofisini. Anayebaki gizani ni yule asiye na uwezo. Kumiliki jenereta hakumwondolei mwamini wajibu wa kutoa taarifa za nguzo iliyooza au mti uliogusa nyaya, wala wa kuuliza katika mkutano wa kijiji ni lini njia itasafishwa kabla ya mvua. Waraka Laudato si' wa Hayati Baba Mtakatifu Francisko, wa mwaka 2015, ulihimiza kuachana hatua kwa hatua na nishati zinazochafua mazingira. Mwaka huo huo Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole walikamilisha mtambo wa maji wa Tulila katika Mto Ruvuma, wenye megawati 5, unaoiuzia TANESCO umeme. Watawa hao wameonesha kwamba mwanga unaweza kutafutwa kwa ajili ya wengi.

Tunazialika familia, kabla ya kwenda dukani, ziandike kwenye karatasi vifaa ambavyo havina budi kuwaka, wati zake, saa za giza kwa mwezi na bei ya petroli, kisha zilinganishe na betri. Viongozi wa Jumuiya na wa vigango watusaidie kufikisha neno moja kabla ya mvua za masika kushika kasi: jenereta haiingii ndani ya nyumba, hata kwa dakika tano.