Wati za kwenye karatasi zinaunguza kompyuta za shule

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na walimu wenzangu, wajumbe wa Kamati za Shule na vijana mafundi wanaotuunganishia kompyuta huku vijijini. Jambo lenyewe ni lile sanduku la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta, ambalo mafundi huliita pawa saplai. Mtu akiunganisha kompyuta kwa kununua kifaa kimoja kimoja, sanduku hilo huwa la mwisho kufikiriwa na la kwanza kubanwa bei. Mimi nasema lifikiriwe kwanza.

Kompyuta ya mezani ya kuunganisha imekuwa nafuu kubwa kwa shule zetu, kwa sababu kikiharibika kifaa kimoja hubadilishwa hicho hicho. Wazazi wanachanga, fundi anakwenda mjini, anarudi na mazabodi, prosesa, memori, diski na kasha. Ndani ya kasha tayari mna pawa saplai iliyokuja kama nyongeza, imeandikwa kwa tarakimu kubwa wati 500 au 600, na watu wote wanafurahi. Katika kata yetu shule moja ilikuwa na kompyuta ya namna hiyo. Haikumaliza muhula wa pili. Pawa saplai ililipuka ikaenda na mazabodi na diski, na ndani ya diski hiyo ilikuwamo mitihani ya majaribio ya darasa la saba na alama za wanafunzi za miaka miwili. Watu wakalaumu umeme. Umeme una makosa yake na nitayafikia, lakini siku hiyo redio na jokofu la duka lililo kwenye laini hiyo hiyo havikudhurika hata kidogo.

Ndugu Mhariri, ukitaka kuujua ukweli wa pawa saplai usisome tarakimu kubwa. Soma jedwali dogo lililobandikwa ubavuni. Humo utaona volti 12, volti 5 na volti 3.3, na chini ya kila moja ampea zake. Wati ni volti mara ampea, hesabu ya kuzidisha ambayo mtoto wa darasa la nne anaiweza. Ninayo mbele yangu pawa saplai moja iliyoandikwa wati 600. Kwenye volti 12 inasema ampea 16. Basi 12 mara 16 ni wati 192. Zilizobaki ziko wapi? Kiasi kimewekwa kwenye volti 5 na volti 3.3, na kiasi hakiko popote, maana hata ukijumlisha jedwali zima hufiki 600.

Kwa nini naishika volti 12? Kwa sababu huko ndiko mzigo uliko. Mpango wa pawa saplai tunaoutumia, uitwao ATX, ulitolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995, na wakati ule prosesa ilikuwa ikipata umeme wake hasa kutoka kwenye volti 5. Kuanzia prosesa za Pentium 4, mwishoni mwa mwaka 2000, mambo yalianza kuhamia kwenye volti 12, na ndiyo maana mazabodi za siku hizi zina plagi ya pekee ya nyaya nne au nane karibu na prosesa. Kadi kubwa za picha nazo hula huko huko. Kwa hiyo mwenye kukuuzia pawa saplai ya kisasa yenye nguvu nyingi kwenye volti 5 ni sawa na mtu anayekuuzia gunia la mahindi, ukalifungua ukakuta theluthi moja ndiyo mahindi na sehemu kubwa ni magunzi. Uzito wa gunia upo, ila ugali haupo. Tena pawa saplai nyingine huigawa volti 12 katika njia mbili, kila moja na ampea zake. Usizijumlishe kwa haraka. Tafuta mahali palipoandikwa jumla ya wati za njia zote mbili, na pasipoandikwa jumla hiyo, rudisha mali ya watu.

Sasa tuulize kompyuta ya mwalimu inahitaji wati ngapi. Prosesa ya kawaida ya leo imekadiriwa wati 65. Mazabodi na memori tuzipe 30. Diski ya kuzunguka hutumia chini ya wati 10 ikiwa kazini, lakini inapoanza kuzunguka yaweza kuvuta zaidi ya 20 kwa nukta chache. Feni ni wati mbili tatu kila moja. Skrini haihesabiwi, maana ina waya wake wa ukutani. Hata ukikaza namna gani hufiki wati 150, na wakati wa kuchapa mitihani tu hutumii hata nusu ya hizo. Basi pawa saplai ya kweli ya wati 300, yenye ampea 20 au zaidi kwenye volti 12, inaitosha na kubakiza. Mwenye kadi ya picha kwa ajili ya kuhariri filamu au michezo aongeze wati za kadi hiyo, kisha aache nafasi, kwa sababu kadi hizo huruka kwa ghafla kupita kipimo chao kwa kitambo kidogo. Huyo anaweza kuhitaji 450, 550 au zaidi kulingana na kadi. Shule haihitaji. Kununua wati 600 za uongo kwa woga wa kupungukiwa, kumbe ungepata 300 za kweli, ni kutupa michango ya wazazi.

Najua fundi atasema, "Mwalimu, hii nimeipima, ni nzima." Kipimo chenyewe nimekiona mara nyingi. Anachukua kipande cha waya, anaunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi kubwa, feni inazunguka, basi. Kipimo hicho kinathibitisha kuwa feni inazunguka. Hakisemi lolote juu ya namna pawa saplai itakavyostahimili ikibebeshwa mzigo. Fundi mwenye mita aipime kompyuta ikiwa inafanya kazi nzito: kwenye volti 12 isishuke chini ya 11.4 wala isipande juu ya 12.6, na kwenye volti 5 ibaki kati ya 4.75 na 5.25. Hiyo ndiyo mipaka ya ATX yenyewe. Ikitoka nje ya hapo, kompyuta itazimika ovyo, itajiwasha upya, itaharibu mafaili, na watu wataanza kusema ina virusi.

Wala fundi asiifungue ili kuikarabati kama hakufundishwa. Kapasita za ndani hubaki na umeme wa kiasi cha volti 325 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Vijana wetu wana vipaji, lakini kipaji hakizuii shoti.

Nije kwenye umeme wa kijijini. Tunaishukuru Serikali kwamba kwa kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini nguzo zimefika mahali ambapo wazee wetu hawakuota. Lakini kijiji kilicho mwisho wa laini hukutana na mambo ambayo mtu wa mjini hayajui. Jioni mashine za kusaga zikiwaka, taa zinafifia. Zikizimwa, umeme unaruka juu. Kwa hali hiyo tafuta pawa saplai iliyoandikwa kwamba inapokea kuanzia volti 100 hadi 240, maana hiyo huvumilia umeme ukishuka. Zile zenye kiswichi chekundu nyuma, upande mmoja 115 na upande mwingine 230, zitazamwe kwa makini kabla ya kuchomekwa. Kompyuta nyingine zilizotumika huja kutoka nchi ambako umeme wa majumbani ni kiasi cha volti 100 au 120. Kiswichi kikiwa kwenye 115 nawe ukaichomeka kwenye 230 yetu, utasikia mlio mmoja tu. Hata hizo za 100 hadi 240 hazizuii radi. Mawingu yakikusanyika, chomoa.

Na wale wanaotumia nguvu ya jua au UPS wasome karatasi mara mbili. UPS iliyoandikwa 650 haina wati 650. Hiyo ni VA, na wati zake mara nyingi ni kama 360 au 390. Kisha inveta na UPS za bei ya chini hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi ngazi, na baadhi ya pawa saplai nzuri za kisasa huukataa umeme huo na kuzimika pale pale unapobadilika. Vijaribiwe pamoja dukani kabla fedha haijatoka mfukoni.

Jua pia linatufundisha kuhesabu hasara. Pawa saplai ikiwa na ufanisi wa asilimia 80, ili kompyuta ipate wati 80 yenyewe huvuta 100. Hizo 20 zinageuka joto. Tangu mwaka 2004 upo mpango uitwao 80 PLUS unaozipima pawa saplai na kuzipa alama zinazofikia kiwango hicho au kukipita. Alama hiyo si hirizi, na mwenye kughushi wati hashindwi kughushi karatasi nyingine, lakini jina la pawa saplai iliyopimwa kweli huorodheshwa na wenye mpango wenyewe, na kijana mwenye simu anaweza kulitafuta akiwa amesimama dukani. Aipime pia kwa mkono. Nyingi za zile za uongo ni nyepesi kama kopo tupu, kwa sababu ndani wamepunguza koili, vichujio na vibati vya kupoza, na mara nyingi wameacha hata zile kinga zinazoizima mzigo ukizidi, volti zikipanda au kukiwa na shoti. Kukosekana kwa kinga hizo ndiko kunakoifanya pawa saplai ife na mazabodi yake. Yenye kinga hufa peke yake.

Wengine watasema nzuri ni ghali. Ni kweli, yaweza kuwa bei mara mbili au tatu ya ile nyepesi. Lakini ipo njia ya kati ambayo wengi wanaidharau. Kompyuta za maofisini za makampuni makubwa, zikivunjwa kuwa spea, hutoa pawa saplai za wati 240 au 300 ambazo ni wati za kweli. Mimi ningechukua moja ya hizo iliyotumika na kupimwa kwa mzigo kuliko mpya ya 600 isiyojulikana imetoka wapi. Tahadhari yake ni kwamba baadhi yake zina plagi au umbo tofauti na ATX ya kawaida, kwa hiyo ziende sambamba na mazabodi yake. Na kila miezi michache ipulizwe vumbi kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Huku kwetu kiangazi vumbi hujaa kwenye feni mpaka haizunguki, na hapo hata pawa saplai ya bei kubwa itaungua.

Ndugu Mhariri, nchi yetu iliwahi kupiga marufuku kuingiza kompyuta, mwaka 1974. Leo mlango uko wazi na ni vizuri uwe wazi, ila mlango ulio wazi unahitaji mlinzi. Shirika la Viwango, ambalo lipo tangu mwaka 1975, lichukue pawa saplai chache kutoka madukani, lizibebeshe mzigo ulioandikwa kwenye karatasi zao na kuwatangazia wananchi matokeo kwa majina ya bidhaa. Kazi hiyo haihitaji mwezi mzima. Anayeuza wati 190 kwa jina la wati 600 hana tofauti na anayepunja kwenye mizani, na mwenye mizani mibovu tunajua anavyofanywa.

Kwa upande wa halmashauri na Kamati za Shule, hati za kuagiza vifaa zinazoandikwa "kompyuta moja kamili" zikome. Iandikwe: pawa saplai isiyopungua ampea 20 kwenye volti 12, ipokee volti 100 hadi 240, iwe na kinga ya mzigo kuzidi, ya volti kupanda na ya shoti, na muuzaji aidhamini kwa maandishi kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Mstari huo mmoja ukiwamo, mwalimu anayepokea mzigo shuleni atakuwa na la kumwonyesha muuzaji kabla ya kutia sahihi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kongwa, Dodoma.