Umeme wa mto usiishie kwa mwenye parsele

Kwa miaka mingi, mtu wa Butembo akitaka umeme alinunua gurupe, kisha akaanza kutafuta mazutu ya kulilisha. Mji huu wa wafanyabiashara ulikua bila mtandao wa SNEL, shirika la umeme la serikali. Kule Beni hali ilikuwa hiyo hiyo. Mwenye duka kubwa aliwasha taa, jirani yake akabaki na mshumaa.

Leo mambo yamesogea. Mwaka 2013 kituo cha kwanza cha umeme wa maji cha Virunga kilianza kazi Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori. Mwaka 2017 mtandao mdogo wa umeme wa jua ulijengwa mjini Beni na kampuni ambayo sasa inaitwa Nuru. Baadaye Virunga Energies ikajenga kituo cha Luviro, wilayani Lubero, chenye uwezo wa megawati 14.6, kwa ajili ya Lubero na Butembo. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliondoa haki ya SNEL ya kuuza umeme peke yake, na kampuni binafsi zikaruhusiwa kuingia.

Kwa hiyo swali la leo si kama mito ya Kivu ya Kaskazini inaweza kutoa umeme. Inaweza, na inatoa. Swali ni nani anawasha taa. Hapo ndipo kampuni za umeme zinapaswa kubadilisha hesabu zao, maana hesabu ya mazutu na hesabu ya maji hazifanani.

Gurupe kubwa la mtaa lina gharama ndogo ya kununua, lakini linakula kila saa. Kila mteja anayeongezeka anachoma mazutu mengine, na mazutu yanakuja kwa lori kwa barabara mbaya, tena ya hatari. Ndiyo maana kampuni ya mazutu haioni haraka ya kumtafuta mteja mdogo. Kituo cha maji ni kinyume chake. Fedha nyingi zinatoka mwanzoni: mfereji, mabomba, mashine, nguzo. Baada ya hapo mto haudai malipo. Maji ambayo hayakupita kwenye mashine usiku huu yanaendelea na safari yake, hayarudi kesho. Kampuni inabaki na deni lile lile, ikiwa imeuza umeme wote au nusu tu.

Maana yake ni moja. Kwa kampuni ya umeme wa maji, mteja mdogo si mzigo. Gharama yake ni waya na mita. Umeme wenyewe upo. Ni kweli kwamba saa za jioni, kati ya saa 12 na saa 4 usiku, kila mtu anawasha kwa pamoja na mtandao unalemewa. Lakini anayelemea jioni si mama mwenye taa moja. Vinu vya kusaga unga na karakana za kuchomelea vyuma vinaweza kupewa bei nafuu ili vifanye kazi mchana au usiku wa manane.

Sasa tazama ni nani anabaki nje. Kwa kawaida anayeomba kuunganishwa ni mwenye parsele. Lakini Butembo na Beni wakaaji wengi ni wapangaji. Katika parsele moja kunaweza kuwa na nyumba tatu au nne nyuma ya ile kubwa. Juu yao wapo wahami wa vita: waliokimbia mashambulizi ya ADF kule Beni, na waliotoka kusini mwa Lubero baada ya Kanyabayonga kuanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024. Wengi hawako kambini. Wamelala katika jamaa zilizowapokea, watu kumi katika vyumba viwili. Hao hawana karatasi ya parsele, na kwenye orodha ya kampuni ni kama hawapo.

Lakini wanalipa umeme kila siku, na wanalipa bei kubwa kuliko tajiri. Tupige hesabu. Simu ya kawaida ikijazwa chaji inakula kama wati-saa 20. Kilowati-saa moja basi inajaza simu 50 hivi. Ikiwa kibanda cha chaji kinaomba franka 500 kwa simu moja, mhami wa vita ananunua kilowati-saa kwa franka 25,000. Hakuna kampuni yenye mtandao ingethubutu kutangaza bei kama hiyo. Kilowati-saa hiyo hiyo moja inaweza kuwasha taa ya wati 5, saa 4 kila jioni, kwa siku 50. Mtoto anayejiandaa na mtihani wa serikali angesoma karibu miezi miwili.

Kampuni zitajibu, na jibu lao lisidharauliwe. Mpangaji anahama. Mhami wa vita anaweza kurudi kijijini kesho, au kukimbia tena. Nani atalipa waya? Tena kuna wale wanaovuta umeme kwa wizi, wakihatarisha nyumba nzima kwa moto. Na kuna vita vyenyewe. Januari 2025 mapigano kuzunguka Goma yalikata nyaya, na mji mzima ukakosa umeme na maji pia, maana pampu za maji zinategemea umeme. Fundi hawezi kupanda nguzo chini ya risasi.

Hoja ya kuhama ina dawa. Mita ya kulipa kabla haimwachii mtu deni: fedha zikiisha, taa inazima. Mita ndogo ndogo kadhaa zinaweza kuwekwa katika parsele moja, kila mlango na yake, na anayehama akamwachia anayeingia. Gharama ya kuunganisha isidaiwe kwa mara moja. Watu wa hapa wanajua kuweka akiba kidogo kidogo. Likelemba na vikundi vya AVEC viko karibu kila mtaa. Kikundi kikisaini na kampuni, kila juma kikalipa sehemu, waya unafika. Na mtu aliyeunganishwa kihalali hana sababu ya kuiba.

Hoja ya vita ni nzito zaidi. Somo la Goma ni kwamba mji usitegemee mstari mmoja. Butembo na Beni zinahitaji vituo vya maji, paneli za jua na betri, na magurupe yaliyopo yabaki kama akiba ya hospitali na pampu za maji. Kampuni zinazogombea wateja zikubali kusaidiana nyaya zinapokatika. Kwa miaka mingi wakaaji wa Butembo wamesikia mabishano juu ya nani asambaze umeme mjini. Mabishano hayo hayajamwashia mtu taa. Mamlaka ya kusimamia sekta ya umeme, ARE, iliundwa chini ya sheria ile ya 2014 ili migogoro ya namna hiyo iamuliwe kwa kanuni na si kwa maandamano barabarani.

Serikali nayo ina wakala wake, ANSER, kwa ajili ya umeme wa vijijini na pembezoni mwa miji. Mitaa ya pembezoni mwa Butembo ndiyo hasa wanakopanga wahami wa vita. Mashirika ya misaada yanayogawa turubai na unga yanaweza pia kulipia mita. Turubai linachakaa baada ya muda, lakini waya unabaki katika jamaa iliyompokea mgeni, na hiyo ni asante ambayo jamaa hizo hazijapata.

Kampuni hupenda kutangaza megawati. Safari nyingine zikitangaza, viongozi wa mitaa na wasikilizaji waulize maswali mawili tu: ni wapangaji wangapi wameunganishwa, na ni jamaa ngapi zinazowahifadhi wahami wa vita?