Uganda: Ubunifu wa kisayansi wadai mtaji wenye subira

Juni 2018, jijini Nairobi, Brian Gitta wa Uganda, akiwa na umri wa miaka 24, alitunukiwa pauni 25,000 na Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Kifaa alichobuni na wenzake, kilichopewa jina la Kiswahili, Matibabu, hubanwa kidoleni na kumulika mwanga mwekundu ili kutambua malaria bila kutoa damu.

Tuzo hiyo ilileta heshima, lakini iliacha swali gumu: nani hugharamia miaka inayofuata?

Programu ya simu yaweza kuingia sokoni ndani ya miezi michache. Kifaa cha kupima ugonjwa sharti kijaribiwe kwa wagonjwa, kilinganishwe na hadubini na kuidhinishwa na mamlaka kabla ya kutengenezwa kwa wingi. Hatua hizo hazirukwi, kwani mgonjwa anayeambiwa kimakosa kwamba hana malaria anaweza kupoteza maisha. Wakati wote huo kampuni hulipa mishahara na maabara bila kuuza chochote, na hapo ndipo kampuni changa nyingi za kisayansi hukwama.

Uganda imejaribu pia njia nyingine. Gari la umeme la Kiira lililozinduliwa na Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2011 lilizaa kampuni ya Kiira Motors, ambayo serikali ndiyo mmiliki wake mkuu. Basi la Kayoola, lenye paneli za sola, lilifuata mwaka 2016, na kiwanda kikajengwa Jinja. Subira imepatikana, ila anayebeba hatari ni mlipakodi, naye ana haki ya kuuliza faida itaonekana lini.

Hata katika nchi tajiri safari ni ndefu. BioNTech ya Ujerumani, ambayo leo ina kituo Kigali, ilianzishwa mwaka 2008. Bidhaa yake ya kwanza kuidhinishwa, chanjo ya UVIKO-19, ilipata kibali Desemba 2020, miaka 12 baadaye. Wawekezaji wake walikubali kusubiri.

Kwa Tanzania, inayobeba mzigo mkubwa wa malaria kama jirani yake, funzo li wazi. Mashindano ya ubunifu huibua vipaji. Kinachoamua iwapo kifaa kitamfikia mgonjwa ni fedha zinazodumu baada ya sherehe kwisha.