Ndugu walioficha undugu ili muziki wao upimwe kwa haki

KWA miaka mingi, mashabiki wa Boards of Canada, kundi la watu wawili kutoka Scotland, waliamini kuwa Mike Sandison na Marcus Eoin walikuwa marafiki tu wa tangu utotoni. Ni katika mahojiano ya mwaka wa 2005 ambapo ilibainika kuwa wawili hao ni ndugu wa damu. Eoin ni jina la kati. Lile la ukoo lilikuwa limeachwa makusudi.

Sababu waliyoitoa haikuwa aibu wala ugomvi. Walipoanza kujulikana katika miaka ya 1990, Uingereza tayari ilikuwa na ndugu wengine waliovuma kwa muziki wa kielektroniki, Phil na Paul Hartnoll wa kundi la Orbital, waliotikisa tamasha la Glastonbury mwaka wa 1994. Akina Sandison walihofia kwamba wangelinganishwa na hao kila mara.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Undugu huuza magazeti, nasi tunaoandika vichwa vya habari twalijua hilo vyema. Orbital walitengana mwaka wa 2004, wakarejea jukwaani 2009, wakaachana tena 2014, kisha wakapatana 2017. Wanaoijua methali ya ndugu wagombanapo, chukua jembe ukalime, hawakushangaa. Hata hivyo, aghalabu kilichoandikwa wakati huo kilihusu nani hazungumzi na nani, wala si ala walizopiga.

Ila kuna kinaya. Isikilize albamu yao ya 1998, Music Has the Right to Children. Vinanda vinayumba kama kanda iliyoachwa juani, na sauti za watoto zinapita kwa mbali na kutoweka. Kundi lenyewe lilijiita kwa kufuata shirika la filamu la serikali ya Canada, National Film Board, ambalo makala yake ndugu hao waliyatazama wakiwa wadogo. Familia yao iliwahi kuishi Alberta. Basi undugu uliofutwa kwenye jalada ndio uliojaa ndani ya muziki: kumbukumbu za nyumba moja na runinga moja.

Suala hili lina uzito zaidi leo, kwani muziki huu tulivu usio na mwimbaji ndio rahisi kughushiwa. Mnamo 2017, wanahabari wa biashara ya muziki walidai kuwa orodha za nyimbo tulivu katika Spotify zilisheheni wasanii wasiojulikana walikotoka. Kampuni hiyo ilikana kuwabuni wasanii bandia. Mwishoni mwa 2024, mwandishi Liz Pelly alieleza katika jarida la Harper's jinsi nyimbo za bei nafuu zilivyoingizwa katika orodha hizo, zikipigwa na watu waliolipwa ada ya mara moja na kuachia umiliki. Sasa zimeongezeka programu za kompyuta zinazotunga sauti kama hizo kwa sekunde chache.

Pande zote mbili, basi, zimeficha majina. Lakini akina Sandison walijificha ili kazi ihukumiwe yenyewe. Katika biashara hii mpya jina hufichwa ili msikilizaji asiulize, na mpigaji asidai. Kuyaita mambo haya mawili kwa neno moja, usiri, ni kumdhulumu mpigaji huyo.

Mkenya anayetaka mfano wa karibu amtafute Joseph Kamaru, kijana aliyelelewa Nairobi, ambaye albamu yake Peel ya 2020 imejengwa kwa sauti ndefu zinazotanda polepole. Ni mjukuu na somo wa marehemu Joseph Kamaru, gwiji wa nyimbo za Kikikuyu aliyefariki 2018, na amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake. Yeye hujiita KMRU. Jina la babu lipo pale pale, limepunguzwa irabu mbili tu.