Kabla ya Kulaumu Deki, Muulize Fundi Hesabu Yake

Mama mmoja wa Makorora, hapa Tanga, aliniletea DVD ya harusi ya binti yake akiwa amekwisha kubadilisha jicho la deki, kisha akanunua deki nyingine mpya. Kila ilipofika ngoma ya akina mama, picha ilivunjika miraba miraba, sura za mashangazi zisijulikane. Fundi aliyemtengenezea DVD hiyo alimwambia diski za siku hizi ni feki. Nikaifungua kwenye kompyuta. Diski ilikuwa nzima, na bila shaka deki zote mbili zilikuwa nzima pia.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, na jambo hili linaniuma. Mafundi wengi wa DVD wanabonyeza kitufe cha mwisho bila kupiga hesabu, halafu lawama wanamtupia mteja na vifaa vyake.

Hesabu yenyewe ni ya darasani. DVD ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7, yaani megabiti 37,600 hivi. Sherehe yenye urefu wa saa 3 ina sekunde 10,800. Ukigawa, kila sekunde inapata megabiti 3.5 tu, picha na sauti pamoja. Fundi wa yule mama aliiacha sauti katika PCM, ambayo haibanwi kabisa na inakula megabiti 1.5 peke yake. Picha ikabakiwa na chini ya 2. Katika MPEG-2, mfumo ambao DVD inautumia tangu ilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, kiasi hicho kinaweza kumtosha mtu aliyetulia kitini. Ukumbi mzima wa wanawake wanaocheza, khanga za maua, taa zinazozunguka? Hapo hakifui dafu. Sauti ingebanwa kwa Dolby ya kilobiti 192, picha ingepata zaidi ya megabiti 3. Sherehe ingegawanywa pia katika diski mbili, picha ingepata zaidi ya 6, na mashangazi wangeonekana hadi hina mikononi.

Wapo wanaokosea upande wa pili. Kiwango cha DVD kinaruhusu picha ifike megabiti 9.8 kwa sekunde, basi wao wanavuta mpaka huko huko wakidhani ndio ubora. Diski ya kuchoma ni ngumu kusomeka kuliko ile ya kiwandani, na deki ya bei nafuu ikikutana na kilele kama hicho inaganda. Mimi sipitishi 8. Kwa hiyo msomaji, ukiona miraba wakati wa kucheza, shuku kwamba data ni chache. Picha ikiganda na deki ikaanza kutafutatafuta, shuku kwamba data imezidi au diski imechomwa kwa haraka mno.

Kuna na hili la PAL na NTSC. Programu nyingi zinatoka nje zikiwa zimepangiwa soko la Marekani, yaani NTSC: mistari 480, fremu 29.97 kwa sekunde. Sisi tunatumia PAL, mistari 576, fremu 25. Fundi asiyebadilisha mpangilio huo analazimisha kompyuta ibuni fremu ambazo kamera haikuzipiga, na bibi harusi anaingia ukumbini kwa mwendo wa kushtukashtuka. Kurekebisha ni suala la kuchagua neno moja kwenye orodha kabla ya kuanza.

Mafundi wenzangu hujitetea kwamba mteja hataki diski mbili. Mteja gani aliulizwa? Mtu aliyechangisha ukoo mzima, akalipa ukumbi, mapambo na chakula, hawezi kushindwa na bei ya diski moja ya ziada. Yule mama wa Makorora hakuulizwa. Na nilipomtuma akaombe video za asili ili nimtengenezee upya, akajibiwa kwamba zimekwisha kufutwa. Kilichotupwa wakati wa kubana hakuna programu inayokirudisha.

Basi wenye harusi, msikubali kukabidhiwa DVD mlangoni. Iwekeni kwenye deki yenu ya nyumbani, fundi akiwepo, muipeleke moja kwa moja hadi kwenye ngoma, muitazame mpaka iishe. Daini na video za asili kwenye diski ya kompyuta. Salio la malipo litoke baada ya hapo.